Homa Iliyopigwa Picha

Watu wa Kitengela walijua kile kinaniua kabla mimi mwenyewe nijue kama nakufa. Nikipita mbele ya maduka maongezi yanakatika ghafla, kama redio imeishiwa na mawe ya betri. Nikishapita yanaanza tena nyuma yangu, kwa sauti ya chini. Hakuna mtu alitaja kitu. Ilikuwa mwanzo wa miaka ya elfu mbili, na ule ugonjwa haukuwa unatajwa. Mtu alisemwa amekanyaga waya, ama watu wanakohoa tu wakiangaliana. Na mimi nilikuwa nimekonda mpaka mshipi nikautoboa mashimo mapya na msumari wa moto. Kwa hivyo kesi ilikuwa imeamuliwa. Kilichobaki ni sufuria za matanga.

Kazi yangu ilikuwa kuchoma nyama. Bucha yetu ilikuwa kando ya barabara ya Namanga, na bosi wangu alikuwa mtu mnene wa maneno machache. Mutura yake ilikuwa inatafutwa mpaka na watu wa Athi River. Alikuwa anachukua matumbo ya mbuzi, anajaza damu na nyama iliyokatwa ndogo ndogo, kitunguu, dania na pilipili, kisha mimi nachoma polepole mpaka ngozi ianze kulia. Lakini kujaza alikuwa anajaza yeye mwenyewe, huko nyuma, mlango umefungwa, kama mtu anachapisha noti. Mimi yangu ilikuwa moto, kisu na mdomo. Wateja walikuja juu ya nyama wakakaa juu ya mdomo.

Homa ilianza kama mzaha. Jioni, jua likiteremka upande wa Ngong, nasikia baridi. Mimi, mtu wa kukaa na makaa mchana wote, nasikia baridi! Meno yanagongana, wateja wanacheka, wanadhani ni stori mpya nimeleta. Baadaye jasho linanimwagikia mpaka blanketi inalowa. Asubuhi naamka niko sawa, naenda kazi, nachokoza watu kama kawaida. Jioni, tena.

Nilienda kliniki ya karibu. Huyo daktari, na mpaka leo sijui kama alikuwa daktari ama aliokota tu koti, alinitoboa kidole, akaingia nyuma ya pazia, akatoka mbio.

"Malaria na taifodi," akasema.

Kila mtu aliyeingia huko na homa alitoka na hizo mbili, kama chai na mandazi. Akanidunga sindano. Nikapona! Nikarudi kwa makaa nikiimba. Siku chache sindano zikaisha, na homa ikarudi ikiwa na hasira, kama mtu uliyemfungia nje. Nikarudi kliniki. Malaria na taifodi. Sindano. Nikapona. Ikarudi. Nikaanza kumwangalia huyo mtu vizuri. Nikaona anafuga homa yangu vile watu wanafuga ng'ombe wa maziwa. Haachi ife, haachi ipone, na kila mara nikienda anakamua.

Mama yangu alikuwa anauza nguo za mitumba Kajiado mjini. Alisikia kwa watu, si kwangu, na akakuja siku hiyo hiyo. Alisimama kwa mlango wa chumba yangu, hakuingia, akanusa.

"Unakulanga wapi?" akaniuliza.

"Kazini, mama."

"Nani anapika?"

"Mimi ndio nachoma."

"Sijauliza nani anachoma. Nani anapika?"

"Bosi ndio anatengeneza mutura."

"Mlango ukiwa wazi ama umefungwa?"

"Umefungwa," nikasema. Mama akapiga makofi mara moja, kama mtu ameua mbu.

"Ni huyo mtu wa bucha. Amekuwekea kitu. Ako na mtoto wa dadake anataka kumpatia hiyo kazi. Wewe cheka tu. Mimi nimezaliwa Murang'a, nikaolewa Kajiado, nimeona sumu za pande zote mbili."

Nilicheka, lakini kutoka siku hiyo nikaanza kuangalia chai ya bosi. Akinimiminia, nabadilisha kikombe yangu na yake akigeuka. Siku moja akanishika nikibadilisha. Hakusema kitu. Alikunywa yote mpaka chini akiniangalia kwa macho, akarudisha kikombe na akaenda. Sasa hapo mimi ndio nikaogopa zaidi. Mtu asiye na makosa si angeuliza?

Lakini hiyo yote ilikuwa ya kando. Ile kitu ilikuwa inaninyima usingizi hata homa ikiwa imelala ni msichana.

Alikuwa anashona nguo kwa kibanda mtaa wa pili kutoka bucha. Nyumbani kwao ni Mashuuru. Nilikuwa nimeshapeleka sukari, majani chai, blanketi za wazee, na kondoo wa mama yake. Kilichobaki ni ng'ombe na siku. Halafu babake akasikia. Kutoka Kitengela mpaka Mashuuru ni mbali, lakini habari ya mtu kukonda haipandi gari, inapaa. Akaniita.

Kwao, kijana akifika mbele ya mzee anainamisha kichwa, na mzee anamgusa juu na mkono. Ndio salamu. Nikafika, nikainama. Nikangoja. Nikaendelea kuinama mpaka nikaanza kuhesabu siafu. Mkono haukukuja. Mwishowe nikainuka mwenyewe, na mzee alikuwa anaangalia ng'ombe zake kama mimi ni upepo.

"Keti hapo," akasema, akionyesha jiwe mbali kidogo. "Hapo. Hiyo kitu inakukula inaitwa aje?"

"Wanasema ni malaria, mzee."

"Malaria inaua ama inaenda. Hii yako imekaa. Kama mgeni amekuja na ngozi yake ya kulalia."

Hiyo ilikuwa utani mzuri, ningekuwa na afya ningeiiba.

"Kijana, mimi sikuchukii," akaendelea. "Lakini sipeani mtoto kwa ugonjwa haina jina. Enda ulete jina. Kuna mtu wa kununua ng'ombe huko Kiserian amekuja kuniuliza habari ya huyo msichana, na yeye ni mnene. Mvua ikinyesha kama hujaleta jina, nachukua blanketi zako nakurudishia."

Niliporudi Kitengela nilimpata msichana kwa cherehani yake. Hakusimamisha mguu, mashini ilikuwa inakimbia tu.

"Niambie ukweli," akasema. "Kuna mwingine?"

"Mwingine gani?"

"Wewe ni mtu wa mdomo. Watu wa mdomo wako na wengine."

"Huu mdomo wote unaishia hapa kwako."

"Basi enda upimwe damu."

Nikaenda. Nilipimwa hapo hapo Kitengela, nikangoja, na nikaambiwa sina ule ugonjwa. Sina! Nilitoka nikitaka kukumbatia polisi. Nikamwambia msichana, akasema, "Uko na karatasi?" Nikampa. Akaisoma mbele na nyuma. "Hii inaweza kuwa ya mtu yeyote," akasema, lakini aliikunja akaiweka ndani ya blauzi. Kwa bucha niliwaambia wote kwa sauti kubwa, wakasema "Asante Mungu, asante Mungu," na hakuna hata mmoja aliyerudi kuchukua nyama kutoka kwa mkono wangu. Wanangoja bosi ndio awakatie. Na hebu niseme ile kitu mbaya: hata mimi sikuamini. Kama sio hiyo, ni nini basi? Nikaanza kufikiri labda wamechanganya chupa. Mahali fulani hapo Kitengela kuna mtu mnene anatembea na majibu yangu.

Siku moja nikaanguka kando ya makaa. Mama akasema kliniki imetosha, na akanivuta mpaka hospitali ya misheni huko Kajiado.

Daktari alikuwa kijana, nusura nimuulize kama babake yuko. Lakini alifanya kitu hakuna mtu alikuwa amefanya tangu homa ianze: aliniambia nivue shati. Akanigonga mbavu kama mtu anachagua tikiti maji. Akabonyeza chini ya mbavu za kulia, nikaruka.

"Hapa kunauma tangu lini?"

"Haiumi sana. Ni vile nimelalia vibaya."

"Umelalia vibaya tangu lini?"

Nikafikiri. Kweli ilikuwa kitambo. Lakini na homa ya kuvunja meno, nani anaangalia kakitu kadogo kanauma ukipumua? Akaandika, akanituma eksirei.

Hapo sasa nikapata shida. Kwa bucha tulikuwa tunajua kwamba eksirei inachoma uzazi. Kila mtu anajua, hata kama hakuna aliyewahi kuniambia nani alichomwa. Nikamuuliza yule mtu wa mashini kama naweza kujifunika na kitu huko chini. Akacheka, akanipa aproni nzito kama mlango. Nikasimama nimekumbatia ubao, kifua wazi, chini nimevaa chuma, kama askari aliyeamka ghafla. "Usipumue," akasema. Kwa homa kama yangu hiyo ilikuwa rahisi.

Picha ikatoka. Daktari akaiweka kwa taa. Mbavu zangu zote hapo, nyeupe, kama za mbuzi kwa ndoano. Mimi nikaangalia nikaona mbavu ni mbavu, hata ingekuwa za mama ningesema ni zangu.

"Mapafu ni safi," daktari akasema. "Hakuna TB."

Mama akasema, "Asante Yesu." Mimi nikasema kimoyomoyo, haya, na jina? Nataka jina.

Lakini daktari hakutoa picha kwa taa. Akakaribia, akarudi nyuma, akakaribia tena. Kwa sura yake niliona ni kama mtu anaangalia mlango aliuacha umefungwa na sasa uko wazi kidogo.

"Unaona huu mstari hapa chini ya pafu?" akasema. "Upande wa kushoto uko mahali pake. Wa kulia umepanda. Kuna kitu chini yake kinausukuma juu."

"Kitu gani?" mama akauliza.

"Sijui. Chini yake ni ini. Hii picha haionyeshi ini vizuri. Twende kwa ile mashini ingine."

Ile mashini ingine, bwana, ilikuwa ya wajawazito. Nikaketishwa kwa benchi katikati ya matumbo. Wote wakaniangalia. Mama mmoja mwenye leso ya manjano akashindwa kuvumilia.

"Na wewe yako ni ya miezi mingapi?"

"Hii yangu imechelewa, mama. Imekataa kutoka."

"Babake ni nani?"

"Ndio nimekuja kutafuta."

Benchi yote ikatikisika. Mmoja akaomba nisimame kando, ati nitamzalisha hapo hapo. Hiyo ndio siku ya kwanza kwa muda mrefu watu kucheka na mimi bila kusogea mbali.

Ndani kulikuwa na giza kidogo. Mama wa mashini alikuwa mtu mzima, miwani kwa pua, hakuna stori.

"Lala. Inua shati. Hii ni baridi."

Akanimwagia kitu kama kamasi ya ng'ombe, akaanza kunipitishia juu yake kakitu kama sabuni ya kipande. Televisheni yake ilikuwa imegeukia yeye. Nikaona hiyo si haki.

"Auntie, mbona unanificha tumbo yangu?"

"Vuta pumzi. Shika. Achia."

"Ni mvulana ama msichana?"

"Vuta pumzi. Shika."

Halafu akasema, "Mmh."

Nimesikia mambo mengi maishani, nimetukanwa na watu wa Kiserian siku ya soko, lakini hakuna kitu imewahi kuniogopesha kama hiyo "mmh." Mkono wake ukasimama hapo chini ya mbavu. Ukarudi. Ukabonyeza. Nikamwangalia uso nikitafuta kama ni huruma ama nini. Nikasema moyoni, huyu naye ako na kitu anaficha. Wote wanaficha. Mwishowe akaigeuza televisheni yake, pole pole.

"Hii yote ya kijivu ni ini yako," akasema.

Ilikuwa kama majivu yamechekechwa. Na katikati ya majivu kulikuwa na shimo nyeusi, mviringo, imejaa giza, kama choo imechimbwa.

"Na hiyo shimo?"

"Hiyo haifai kuwa hapo. Ni maji mazito. Nafikiri ni usaha." Akasogeza mkono kidogo. "Na sasa niambie wewe, hii ni nini?"

Ndani ya shimo kulikuwa na mstari mweupe, mfupi, umenyooka. Umenyooka kabisa. Mimi nimekata wanyama wengi, na ndani ya mnyama hakuna kitu imenyooka hivyo. Kila kitu huko imejikunja.

Akaita daktari. Wakasimama wawili wakinong'ona kwa Kizungu, na mimi Kizungu yangu iliisha darasa la nane. Nikajua wananipangia bei.

"Kijana," daktari akasema, "uko na jipu kwa ini."

Jipu! Nilitaka kumbusu. Hata mtoto anajua jipu. Hiyo ni jina unaweza kubeba mpaka Mashuuru na kichwa juu.

"Na hiyo kitu ndani," akaendelea, "umewahi kumeza kitu? Sindano? Mfupa? Kijiti cha meno?"

"Daktari, mimi humeza tu matusi ya wateja."

"Fikiria vizuri."

Nikafikiria. Mama akasema kutoka mlangoni, hakuwa hata ameitwa ndani, "Ni yule mtu wa bucha."

Walinipasua. Hiyo sitaeleza sana kwa sababu nilikuwa nimelala. Nilipoamka nilikuwa na paipu imetoka ubavuni ikimwaga kitu hungependa kusikia kabla ya chakula. Na jioni, ile saa ya jua kuteremka, nikangoja baridi. Nikajifunika kabisa, nikakaza meno tayari. Baridi haikuja. Nikafikiri inajificha. Kesho yake nikaingoja tena. Hata hiyo haikuja. Nilikuwa nimeizoea mpaka nikaona kama ni ujanja wake.

Daktari akanikuta hapo nimekodoa macho. Akatoa kachupa ka dawa mfukoni, akakatikisa mpaka kakalia. Ndani kulikuwa na mwiba.

Mwiba, ile nyeupe ya kwetu, ile inatoboa slipa inatokea upande ule mwingine. Ilikuwa imevunjika upande mmoja, ncha iko sawa.

"Huu ulipita kutoka kwa tumbo ukaingia kwa ini," akasema. "Kila ukidungwa sindano usaha unatulia, ukimaliza sindano mwiba bado uko. Huyo wa kliniki angekudunga mpaka uzeeke. Sasa niambie, unakulanga miiba?"

Hapo ndio nikaelewa, na nikasikia aibu na kicheko pamoja, na kicheko kikanivuta nyuzi. Kuna watu wanafunga mutura na uzi. Bosi wangu hakutaka uzi. Alisema uzi unaungua na unapea nyama harufu ya fundi wa nguo. Yeye alikuwa anafanya vile nyanyake alimfundisha: utumbo ukishajaa, unakunja mdomo wake na kuushona na mwiba, huku na huku. Na miiba Kitengela ni bure, unainama tu. Ikiiva, mchomaji anatoa mwiba, anakata ile ncha iliyoungua, na kwa desturi ya bucha yetu hiyo ncha ni yake. Ndio tamu kuliko yote. Mimi nilikuwa naitupa mdomoni nikiwa katikati ya stori, mdomo ukifanya kazi mbili, na siku moja mwiba ulivunjikia ndani na mimi nikameza nusu yake na kicheko juu.

Nikamweleza mama. Alisimama, akafunga leso upya.

"Nilisema nini?"

"Mama, si sumu. Ni mwiba."

"Nilisema amekuwekea kitu. Sikusema gani."

Na hapo utamwambia nini? Alienda bucha mwenyewe. Nilisikia baadaye kwamba bosi alimsikiliza mpaka mwisho, mikono imekunjwa juu ya tumbo, akajibu kitu kimoja tu: "Mwiba ni wa mti, na mti ni wa Mungu." Lakini kutoka siku hiyo mutura yake inafungwa na uzi. Wateja wakalalamika imebadilika ladha, na wote wakasema ni mimi nimeiharibu.

Mvua ilikuwa bado. Mara tu nilipoweza kutembea bila kushika ukuta, nilienda Mashuuru. Nilibeba picha ya ini, nilibeba kachupa, na msichana akakuja na mimi ati kuona mamake. Mzee akapokea picha, akaiinua kwa jua, akaigeuza chini juu.

"Hii ni mawingu," akasema.

"Ni ini yangu, mzee. Hiyo nyeusi ni jipu. Ugonjwa umepata jina."

"Imeandikwa ni yako wapi?"

Nikamwonyesha. Akamwita kijana wa shule asome. Kijana akasoma jina langu. Mzee akasema majina yanaandikwa na mtu yeyote mwenye kalamu. Nikampa kachupa. Akamwaga mwiba kwa kiganja, akautazama, akautazama ukuta wa boma yake, na ukuta wote ulikuwa ni miiba hiyo hiyo, inaweza kujaza lori.

"Hii umetoa wapi, hapo ukiingia?"

Nikainua shati nikamwonyesha kovu.

"Mtu anakatwa kwa sababu nyingi," akasema.

Nikateremsha shati. Msichana ndiye alisema, macho chini, sauti ya heshima: "Baba, si uende ujionee kwa mashini yenyewe?"

Na mzee akakubali. Nafikiri alidhani nitakataa. Siku ya kurudi kuangaliwa, tukaenda Kajiado watatu. Yule mama wa miwani hakushangaa hata kidogo. Aliniweka chini, akanimwagia ile kamasi, na mzee akasimama hapo juu yangu na rungu yake, macho yanatoka kwa televisheni, yanakuja kwa tumbo yangu, yanarudi, kuhakikisha hakuna waya ya kando inaleta tumbo ya mtu mwingine.

"Mwambie apumue," mzee akaagiza. Nikapumua. Ini ikasonga kwa televisheni. "Mwambie asipumue." Ini ikasimama. "Tena." Walinichezesha hivyo mpaka nikaona kizunguzungu.

"Shimo ilikuwa hapa," yule mama akasema. "Ona, imefunga. Imebaki kovu tu."

Mzee akainama karibu na huyo mama, na akauliza polepole, kama mtu anauliza bei ya kitu cha wizi: "Na ule ugonjwa mwingine? Mashini inauona?"

"Hapana, mzee. Huo unaonekana kwa damu. Na hiyo ni rahisi." Akapanguza miwani. "Toka hapo nje, mlango wa pili, wanapima bure. Siku hizi tunaambia watu wakuje wakiwa wengi, wachumba, wazazi. Nyinyi watatu mnaweza kuingia hata sasa."

Mzee akasema vizuri, vijana waende.

Msichana hakuinua macho. Alikuwa anashika mkono mmoja na mwingine, vile mtoto wa adabu anasimama mbele ya babake.

"Baba, hatuwezi," akasema. "Wewe ndio mkubwa. Sisi tutakutangulia aje?"

Mzee alikuwa na bibi wawili nyumbani. Na watu walisema, mimi sisemi, watu walisema hata huko Kiserian hakuendaga tu kuuza ng'ombe. Aliangalia msichana wake kwa muda. Aliniangalia mimi, nimelala hapo na tumbo wazi, na mimi mara moja nikajifunza kuangalia dari. Akaangalia mlango.

"Jua linaenda," akasema. "Na nimeacha ndama."

Akatoka. Sisi tuliingia kwa mlango wa pili. Tulikaa kwa benchi tukingoja, na hata mimi sikuwa na utani. Msichana alikuwa ananishuku bado, niliona kwa vile alikuwa anahesabu vidole vyake. Mimi nilikuwa najishuku mimi mwenyewe na ile chupa ya kwanza. Majibu yalipokuja alisoma yake, akachukua yangu kwa mkono wangu bila kuuliza, akasoma, akazirudia zote mbili tena. Kisha akapumua, na akanifinya sikio kwa nguvu.

"Ulinikondesha na mimi," akasema.

Mzee tulimpata nje, amesimama kando ya barabara anaangalia kwa makini sana mbuzi za mtu hajui. Hakuuliza majibu. Njia yote hakuuliza. Tulipokaribia kuachana akasema tu, kama mtu anaongea na rungu yake, kwamba ng'ombe aletewe wakiwa wazima, na mapema, kabla ya mvua, kwa sababu yule mtu wa Kiserian ameonekana ni mtu anakula sana.

Nilikimbia kumwambia mama kwa kibanda yake. Nilidhani atapiga kigelegele. Aliacha suruali alikuwa anakunja, akaniangalia na jicho moja likiwa limefungwa kidogo.

"Yule mzee amekubali haraka hivyo?" akasema. "Kwa nini? Kuna kitu hapo."